Vitabu vya Nchi ya Ng'ambo

Fundi cherehani alirudi kutoka Mikumi siku ya Jumatano na marobota yake mawili ya mitumba, na kabla hajafungua hata kamba akatuma mtu aniite. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya darasa la tano. Niliyaacha wazi mezani nikatoka karibu mbio, maana mimi nikiitwa ghafla huanza na msiba, mengine huja baadaye. Mpaka nafika barazani kwake nilikuwa nimeshazika watu watatu kichwani. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda anakunywa chai. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila haraka, akapuliza chai yake, ndipo akaniambia kwamba ameviona.

Vitabu viwili. Vipya, vimefungwa kwenye nailoni, viko kwenye meza ya muuza vitabu vya mtumba pale barabara kuu. Vina alama ileile ya kitabu chetu cha mchezo, jicho ndani ya duara. Kimoja kina picha ya bahari, na kingine kina picha ya milima inayotazamwa kwa nyuma, upande ambao sisi hatujawahi kuuona. Hakuvinunua kwa sababu hajui Kiingereza, na kwa sababu, alisema, jambo hilo ni langu kuamua. Nikamshukuru. Nikarudi kumalizia madaftari, na kesho yake ilinibidi niyasahihishe upya, maana nilikuwa nimewawekea vema hata waliokosea.

Ili mambo haya yaeleweke, lazima nieleze mchezo wenyewe. Pale kwetu Kilosa alikuwepo mzungu mmoja aliyekuja kujitolea kufundisha sekondari. Alipoondoka alimwachia kila jirani kitu: mwingine baiskeli, mwingine sufuria. Mimi niliachiwa boksi. Ndani mlikuwa na kitabu kinene, mfuko wa dadu za ajabu zenye pande nyingi, na penseli. Boksi likakaa stoo mwaka mzima, na nilipolikumbuka mchwa walikuwa wameshakula robo ya mwisho ya kitabu. Kilichobaki kilikuwa maelezo ya mchezo usio na ubao wala kete. Mtu mmoja anasimulia nchi ya kubuni, wengine kila mmoja ana msafiri wake ndani ya nchi hiyo. Msimulizi anasema: umefika mtoni, daraja limechukuliwa na maji, unafanya nini? Wewe unajibu, dadu zinaamua kama umefaulu, na simulizi inaendelea. Msafiri wako ana karatasi yake, na humo yameandikwa jina lake, nguvu zake, na ahadi alizoziweka.

Tulikuwa watatu. Mimi, mwalimu wa kike wa shule ya msingi, nilikuwa msimulizi kwa sababu Kiingereza nilikijua, na kila Jumamosi nilisoma sura ya mbele ili Jumapili alasiri niwasimulie kwa Kiswahili. Msimulizi hachezi, ukurasa wa kwanza ulisema hivyo, kwamba anayejua yaliyo mbele hawezi kuwa msafiri. Fundi cherehani alikuwa na msafiri wake, mwanamke muuza chumvi asiyemwogopa mtu. Wa tatu alikuwa karani wa tiketi pale stesheni, mtu wa Ruaha, Mvidunda, na mimi mjukuu wa Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge, kwa hiyo tulikuwa tumeamua tangu siku ya kwanza kwamba sisi ni watani. Alinizidi umri, lakini utani ulitusamehe shikamoo. Badala ya salamu alikuwa akiniuliza babu yangu alilipa nauli au alijificha kwenye behewa la mkonge.

Watu wazima watatu wanarusha dadu barazani. Mnaweza kufikiria tulivyosemwa. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mambo mapya yakiingia kila siku, sabuni za rangi zote, redio, majora ya vitambaa. Wengi walidhani ni kamari mpya. Hatukubishana nao.

Sasa, hiyo robo iliyoliwa na mchwa. Mwaka wa kwanza muuza chumvi wa fundi alisombwa na maji, dadu zikamkataa mara tatu, akafa. Nikafungua kitabu nitafute mtu akifa inakuwaje. Sura ilikuwapo kwenye orodha ya mwanzo, lakini yenyewe ilikuwa tumboni mwa mchwa. Nilichanganyikiwa, nikasema labda tufute karatasi tuanze upya. Karani akanitazama kama aliyeona mtu anataka kusafiri bila tiketi. Akaniuliza kwani kwetu mtu akifa jina lake linafutwa? Kwao linarithiwa. Basi tukakaa matanga ya Jumapili moja bila kucheza, na Jumapili ya pili msafiri mpya akaulizwa mbele ya shahidi kama anakubali. Akakubali. Akachukua jina, na pamoja na jina akachukua ugomvi wa marehemu, ahadi zake na safari aliyokuwa hajaimaliza. Kuanzia hapo ikawa ndiyo sheria yetu. Karatasi haichanwi, mtu anarithiwa.

Kisha kule stesheni wakaanza kupunguza watu kazini. Karani alipata barua yake mwezi mmoja na kikohozi chake, na sijui kipi kilitangulia. Alikonda upesi. Miaka ile kulikuwa na ugonjwa ambao watu hawakuutaja, walisema tu kwamba fulani anaumwa, kisha wakatazama pembeni. Alipoona hawezi tena kuishi peke yake akaamua kwenda kwa dada yake Ruaha. Jumapili ya mwisho kabla hajaondoka alikuja barazani amevaa koti wakati wa joto, akatuomba jambo. Kwenye ramani yetu kulikuwa na safu ya milima, na nyuma yake peupe patupu, pameandikwa jina la nchi ambayo sisi tuliiita Ng'ambo. Kitabu chetu kilisema habari za nchi hiyo zimo katika kitabu kingine. Karani akasema msafiri wake anapanda milima hiyo na anakwenda huko. Nikamwambia huko sina cha kusimulia. Akasema si lazima leo, tumwache anapanda.

Tukamwacha anapanda. Miezi sita. Fundi na mimi tuliendelea na muuza chumvi mrithi, lakini mara nyingi tulijikuta tunaitazama ile karatasi ya karani.

Ndiyo maana habari ya vitabu ilinitia hofu badala ya furaha. Siku mbili baada ya fundi kurudi, ukaja ujumbe kutoka kwa dada wa karani, umeletwa na kondakta: mgonjwa anakuulizia, njoo, na njoo na karatasi yake. Sikuhitaji kufafanuliwa. Alitaka kujua kuna nini upande wa pili. Na vitabu vyenye jibu vilikuwa Mikumi, njiani hasa, mahali ambapo ningeshuka kubadilisha gari. Mtu mwingine angesema ni bahati. Wasiwasi ndiyo akili, walisema wahenga, na kama ni kweli basi mimi wiki ile nilikuwa na akili ya kugawia kata nzima. Nikinunua, nitajua yaliyoko huko na sitaweza tena kujifanya sijui. Nisiponunua, nitakwenda kwa mgonjwa mikono mitupu, na yeye amengoja nusu mwaka.

Jumamosi asubuhi nilikuwa mbele ya ile meza. Muuzaji alikuwa mtu wa makamo, mpole, ila ana sharti moja: nailoni ikitoka, umenunua. Hakuna kuchungulia. Bei haikuwa ndogo kwa mshahara wa mwalimu, lakini fedha nilikuwa nazo, na sitajisingizia umaskini hapa. Nilikishika cha milima. Kilikuwa kizito, kinanukia karatasi mpya. Nikakigeuza nikasoma maandishi ya nyuma. Yalisema hii ndiyo nchi ambayo aliyeingia hajapata kurudi. Yalisema ndani mna ramani kamili, desturi za watu wake, na kanuni mpya za kifo.

Najua, yalikuwa maneno ya biashara. Muuza sumu ya panya naye husema hakuna panya atakayebaki. Lakini nilisimama pale malori yakipita, na nilichowaza ni kwamba katika nailoni ile kuna ukurasa unaosema mtu wetu amekwisha, na ukurasa mwingine unaosema mtu akifa karatasi yake inachanwa, na kwamba miaka mitatu tumekuwa tukicheza kimakosa. Kanuni mpya. Kwani ile yetu ilikuwa na ubaya gani? Nilihisi hasira hasa, hasira ya mtu aliyeambiwa na mgeni namna ya kuzika ndugu zake. Halafu hasira ikapita ikabaki hofu. Nikakirudisha mezani. Nikakichukua tena. Muuzaji akaniuliza kwa upole kama anitunzie vyote viwili mpaka jioni nitakaporudi, nikasema ndiyo, na aibu ikanishika kwa jinsi nilivyofarijika. Nikanunua machungwa na sukari, nikapanda gari la Ruaha.

Walikuwa wamechoma mashamba ya miwa siku hiyo, na majivu meusi yalikuwa yakielea na kutua kila mahali. Dada wa karani, mama mnene mwenye sauti ndogo, aliitikia shikamoo yangu akanishika mkono muda mrefu kuliko kawaida, nikaelewa. Karani alikuwa barazani kwenye kitanda cha kamba. Nisingemjua. Macho tu ndiyo yalikuwa yake, na mdomo.

"Mtani," akasema, "umelipa nauli, au umefuata nyayo za babu?"

Nikamjibu kwamba nimelipa na nimebaki na tiketi. Nikakaa kwenye mkeka, nikaanza kuongea hovyo, habari za shule, habari za fundi, bei ya sukari. Aliniacha niongee. Kisha akauliza kama nimemletea nchi yake. Nilikuwa nimepanga kumwambia kidogo kidogo, lakini nikajikuta nimesema yote kwa pumzi moja, kwamba vitabu vipo, vipo Mikumi, nimevishika, sijavinunua, sijui kama nivinunue.

Akauliza nyuma pameandikwa nini. Mgonjwa haulizwi uji, na haambiwi neno baya. Nikasema pameandikwa kwamba ni nchi yenye maji mengi, na watu wake ni wakarimu.

"Miaka kumi na minane nimekaa dirishani," akasema. "Mtu akiniambia huyu ana miaka mitano, nusu nauli, najua ana tisa. Sema, mtani."

Nikamwambia. Aliyeingia hajapata kurudi. Nikamwambia na ile habari ya kanuni mpya za kifo. Dada yake aliacha kuchambua mchele akainamia ungo. Karani akakohoa, akapumzika. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na Kiingereza changu chote. Kisha akanyoosha mkono akaomba karatasi yake, akaitazama, akaipangusa majivu yaliyokuwa yameangukia juu ya jina, akanirudishia.

"Andika mrithi," akasema.

Nikakataa. Nilisema ni uchuro, mtu harithiwi angali hai, hata sheria yetu haikubali. Akasema niandike kwa penseli. Wino utakuja wakati wake, na kama haukuja, penseli inafutika. Nikatoa penseli nikauliza, ingawa nilijua, niandike nani, fundi? Akasema fundi ana wa kwake, niandike mimi. Nikamkumbusha kwamba msimulizi hachezi, kwamba anayejua yaliyo mbele hawezi kuwa msafiri.

"Ya huko unayajua?"

"Siyajui."

"Basi," akasema. "Usivinunue."

Nikambishia. Nadhani nilikuwa nabishana ili tu aendelee kuwepo pale ananijibu. Nikamwambia mimi nikiwa msafiri hakuna wa kusimulia, fundi hajui Kiingereza. Akaniuliza ni nani aliyeniambia kwamba huko Ng'ambo wanazungumza Kiingereza. Dada yake akacheka kwanza, nami nikafuata, na yeye akacheka kidogo mpaka kikohozi kikamkatisha.

Halafu akafanya kama tulivyozoea. Akamtaja dada yake kuwa shahidi, akaniuliza: unakubali? Hapo ndipo nilipoona uzito wake. Kila mara barazani tulijibu upesi, ndiyo, nakubali, haya tuendelee. Sasa neno halikutoka. Kukubali kurithi ilikuwa sawa na kukubali kwamba atakufa, na mimi kwa miezi sita nilikuwa sijakubali, nilikuwa nimemwacha anapanda mlima. Nilitazama miguu yake iliyokuwa imefunikwa shuka. Nikalia mbele ya mgonjwa, jambo ambalo mama yangu alinikataza tangu utotoni. Dada yake hakunikaripia. Alinipa tu pembe ya khanga yake, nikajifuta, nikasema nakubali, na nikaandika jina langu kwa penseli chini ya lile lake.

Jioni nilishuka Mikumi. Muuzaji alikuwa amevitoa mezani akaviweka chini ya kiti chake, kama alivyoahidi, na hilo lilinifanya nijisikie mwizi. Nikakishika tena kile cha milima. Sitadanganya, nilitaka kununua. Nilijiambia naweza kununua nisisome. Nilijiambia naweza kusoma nisimwambie mtu. Ningejua tu kama anafika salama, basi, ukurasa mmoja. Kidole gumba kilikuwa kimeshapata mahali nailoni ilipogundishwa.

Muuzaji akauliza, nakichukua? Nikasema kuna mtu amenikataza.

"Mume?"

"Mtani wangu. Anaumwa."

Akanitazama, akakichukua mkononi mwangu polepole, akakirudisha juu ya meza. Akasema neno la mtani mgonjwa halivunjwi, hata kwao ni hivyo.

Alikufa kabla mvua hazijaanza. Tulikwenda fundi na mimi, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mtani, kazi yangu ilikuwa inaningoja. Nilimwomba dada yake kofia ya kazini ya marehemu. Nikaivaa, nikaketi mlangoni mwa nyumba ya msiba, nikawazuia waombolezaji kuingia mpaka wakate tiketi. Nilikohoa kama yeye, nikawakodolea macho kama yeye, nikamwambia mzee mmoja mwenye mvi kwamba huyu si mtoto, alipe nauli kamili. Watu walicheka wakiwa na machozi, na dada yake alicheka mpaka wakamshika mabega. Sijui nilifanyaje, mimi ambaye naogopa hata kusimama mbele ya kikao cha wazazi. Matanga yalipovunjwa, mpwa wake alirithi jina lake la ukoo, akaulizwa mbele ya watu akakubali. Lile jina lingine, la msafiri, hakuna aliyelitaja. Lilikuwa kwenye mkoba wangu.

Baadaye, miaka imepita, nilivikuta vitabu vya jinsi hiyo kwenye duka moja la Dar es Salaam, vimepangwa kwenye rafu, na hapo hakuna nailoni, kila mtu anafungua apendavyo. Nilitoka nje nikanunua maji ya kunywa. Wanangu hunicheka kwa hilo.

Lakini Jumapili ile ya kwanza tuliyorudi barazani, tuliacha cherehani imefunikwa. Fundi akakaa kwenye kiti changu. Alikuwa amenunua daftari jipya, halina hata neno moja, akalifungua mapajani kama mtu anayesoma. Nikatoa karatasi, nikapitisha wino juu ya penseli, fundi akiwa shahidi. Ikabidi herufi moja niirudie. Kisha nikakaa kule alikokuwa akikaa karani, ukutani, karibu na mlango.

Fundi akakohoa kusafisha koo. Hakuwa amewahi kusimulia, na niliona kwamba naye anaogopa, na hilo lilinisaidia kidogo.

"Umepanda miezi saba," akasema. "Umefika juu. Upepo unavuma. Upande wa pili unauona wote sasa, uko chini yako." Akatazama daftari lake tupu, akanitazama mimi. "Unafanya nini?"

Swali hilo nilikuwa nimewauliza wao kila Jumapili, nikiwa na kitabu mkononi na jibu kwenye ukurasa unaofuata. Sikujua kwamba upande huu linauma hivi. Nilizishika dadu zikapata joto. Fundi alinisubiri, hakunihimiza.

Nikataja jina la msafiri niliyemrithi, kama sheria inavyotaka, kwamba ni yeye anayejibu. Nikasema nashuka.